UZI: Sonona baada ya kujifungua kwa mama Mmormoni Kanda ya Ziwa. Kliniki, nyumbani na tawini, nani afanye nini?

Mama_Nyakato (mwanzisha uzi)

Habari za humu wapendwa. Uzi huu ni wa kina mama wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao mtaani wanatuita Wamormoni, walioko Mwanza mjini, Magu, Sengerema, Ukerewe na kwingineko ziwani. Waume zao na viongozi wa matawi (makusanyiko madogo ya kanisa) nao wasome. Maswali yanayorudi ni yale yale: huu ni ugonjwa au ni imani imepungua? Dawa zinaruhusiwa? Na tawi lina kazi gani zaidi ya kusema "tutakuombea"?

Tuanze kwa kutenganisha hali tatu, maana watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni ile huzuni ya siku za mwanzo. Inaanza siku ya pili au ya tatu baada ya kujifungua: mama analia bila sababu, ananuna, halafu saa moja baadaye anacheka. Inawapata kina mama wengi kuliko wasioipata, na inaisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Haihitaji dawa. Inataka usingizi, chakula na watu wapole.

Ya pili ndiyo sonona yenyewe. Imepita wiki mbili na haiondoki, au inaanza mwezi wa pili, wa nne, hata wa nane. Mama hafurahii chochote, mtoto akilala yeye bado macho, anajiona hafai, chakula hakipiti au anakula bila kuhisi ladha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na sehemu kubwa ni sonona. Kwa hiyo tawi lenye watoto wachanga kumi lisishangae likiwa na kina mama wawili.

Ya tatu ni kichaa cha uzazi. Ni mama mmoja au wawili kwa kila 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Hii ni dharura kama kutokwa damu, haisubiri Jumatatu.

Wenye ujuzi karibuni mchangie, kila mtu upande wake.

Kapripointi_Juu

Dada asante. Shida ninayoiona ni kituoni. Mama anakwenda, anasema kichwa kinawaka moto na mwili hauna nguvu, anapimwa malaria, haina, anapewa dawa ya vidonda vya tumbo anarudi nyumbani. Aseme nini ili aeleweke?

Nesi_Mstaafu_Butimba

Swali zuri. Mama wa kwetu hasemi "nina huzuni". Anasema mawazo yamezidi, moyo unakwenda mbio, mgongo unachoma. Mhudumu mwenye foleni ya watu sitini anatibu alichosikia. Hivyo aseme sentensi tatu, kwa mpangilio huu:

"Nimejifungua wiki tisa zilizopita. Silali hata mtoto akilala, na sifurahii kitu kwa zaidi ya wiki mbili. Naomba nipimwe sonona."

Akishindwa kusema, mume au dada aliyemsindikiza aandike kwenye karatasi na kuiweka ndani ya kadi ya kliniki. Na asitafute siku ya peke yake: chanjo za mtoto za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ile ya miezi 9, ndizo siku ambazo mama yuko mbele ya nesi tayari. Shida ni kwamba siku hizo macho yote yako kwa mtoto, anapimwa uzito, anachomwa, basi. Lazima mama aulizwe au ajisemee.

Kipimo kinachotumika sana ni dodoso la Edinburgh la mwaka 1987. Lina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 30. Alama 13 na kuendelea, sonona inawezekana sana. Vituo vingine huanza kufuatilia kwenye 10. Swali la 10 linahusu mawazo ya kujidhuru. Hilo likipata alama yoyote isiyo sifuri, aonane na daktari siku hiyo hiyo hata kama jumla yake ni 6. Na dodoso linajazwa mama akiwa peke yake. Akijaza mama mkwe yuko pembeni, majibu yote yanakuwa mazuri.

Kabla ya kuandikiwa dawa ya sonona, apimwe wingi wa damu, hasa kama alipoteza damu nyingi, na tezi ya shingo kama moyo unadunda sana, anakonda au anatetemeka mikono. Upungufu wa damu na tezi iliyovurugika baada ya uzazi vinafanana kabisa na sonona, na vinaweza kuwa pamoja nayo. Vidonge vya madini ya chuma vinywewe na juisi ya chungwa au ukwaju, si na chai, maana chai inazuia chuma kuingia mwilini. Hapo nyie wa Neno la Hekima, sheria ya afya ya kanisa lenu, mna nafuu, chai ya majani hamnywi.

Ng'wana_Magu

Mimi naona tunaukuza uzungu huu. Bibi zetu walizaa kumi na kulima pamba. Mwanamke anayesoma maandiko na kusali asubuhi na jioni hawezi kupata hayo.

Mwalimu_wa_Seminari

Ng'wana Magu, bibi zetu walikuwa nayo, ila waliitwa wamerogwa au wana majini, na wengine waliishia kwa mganga hadi wakapotea. Tukija kwenye kanisa: Oktoba 2013, kwenye Mkutano Mkuu wa kanisa, Mzee Jeffrey R. Holland, mtume wa kanisa wakati huo, alizungumzia sonona waziwazi. Alisema hali ikiendelea kumlemaza mtu, atafute ushauri wa watu waliosomea. Alitoa mfano wa kidole tumbo: Mungu angetaka uombe baraka ya ukuhani na pia upate matibabu bora yanayopatikana. Vyote viwili. Alimtaja hata Rais George Albert Smith, ambaye alisumbuliwa na sonona kwa miaka kadhaa kabla ya kuliongoza kanisa. Kama mtu wa namna hiyo alipata, tusimpime mama wa Igoma kwa idadi ya sala zake.

Kuna jambo moja linawaumiza kina mama wetu kuliko wa makanisa mengine. Sisi tunafundishwa kumhisi Roho: amani, joto moyoni, machozi ya furaha wakati wa ushuhuda. Sonona inazima hisia zote, njema na mbaya. Mama anapiga magoti, hahisi kitu. Anaimba wimbo alioupenda, hahisi kitu. Hitimisho lake la haraka ni kwamba ametenda dhambi asiyoijua na Roho ameondoka. Anaanza kutubu vitu ambavyo si dhambi, anafunga zaidi, anajinyima usingizi asome zaidi, na hali inazidi kuharibika. Kiongozi akielewa hilo tu, ameshafanya nusu ya kazi. Amwambie wazi: kutokuhisi ni dalili ya ugonjwa, kama vile mwenye mafua hasikii harufu ya sangara akikaangwa mlangoni.

Lingine ni picha za kutisha. Mama anaona kichwani mtoto akianguka kwenye ndoo ya maji, au kisu kikimpata, na anatetemeka kwa hofu. Wengi wenye sonona na wasiwasi wanazo. Anayezichukia na kuzikimbia hana nia ya kufanya hivyo, na hatakiwi kuziungama kama uovu. Aziseme kwa daktari. Ila akianza kuziona zina mantiki, hiyo ni dharura, nitaachia wenye taaluma waeleze.

Dada_Buswelu

Naomba kuuliza kuhusu Jumapili ya mfungo. Mama ananyonyesha, ana sonona, anasema asipofunga baraka zitampita.

Mwalimu_wa_Seminari

Hafungi. Mama mjamzito, anayenyonyesha na mgonjwa hawadaiwi mfungo wa chakula na maji, na hakuna wa kumuuliza. Kwa mwenye sonona kuna ubaya wa ziada: njaa na kukosa maji vinaleta kizunguzungu, maziwa yanapungua, mtoto analia usiku, usingizi unakwenda. Anaweza kuomba siku hiyo na kutoa toleo la mfungo (mchango wa kusaidia wahitaji) kama anacho. Imetosha.

Mtoto kubarikiwa na kupewa jina mbele ya tawi nako hakuna tarehe ya mwisho. Mkiona mama hawezi kukabili wageni mwezi huu, sogezeni.

Mfamasia_Kirumba

Tuongee dawa, maana hapa ndipo makosa mengi yanafanyika.

Dawa iliyoandikwa na daktari haigusi Neno la Hekima. Sehemu ya 89 ya Mafundisho na Maagano, kitabu chenu cha maandiko, inakataza pombe, tumbaku na vinywaji vya moto, yaani chai na kahawa. Kumeza kidonge cha sonona hakumnyimi mtu kibali cha kuingia hekaluni.

Zinazotumika sana kwetu ni fluoksetini, amitriptilini na sertralini. Kwa anayenyonyesha, sertralini ndiyo huchaguliwa kwanza ikipatikana kwa sababu inaingia kidogo sana kwenye maziwa. Kwa kawaida huanza miligramu 25 au 50 kwa siku. Fluoksetini huanza 20, asubuhi, maana jioni inaweza kufukuza usingizi. Inakaa mwilini muda mrefu, hivyo mtoto aangaliwe zaidi. Amitriptilini inaleta usingizi, kinywa kukauka na choo kigumu. Anayeimeza asilale kitanda kimoja na mtoto, na dawa itunzwe na mume au dada, kwa sababu ikimezwa nyingi kwa pamoja inaua. Dozi anapanga daktari, hizi ni za kukusaidia kuelewa cheti chako.

Makosa sasa.

Kuacha wiki ya pili. Siku za kwanza kuna kichefuchefu, kichwa kuuma, tumbo kulegea, na nafuu bado haijaja. Mama anasema "imenizidishia" anatupa. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya 2 na ya 4, na kamili inaweza kufika wiki ya 6 au ya 8. Ameze baada ya chakula, kichefuchefu kinapungua.

Kuacha mwezi wa tatu kwa sababu amepona. Hili ndilo kubwa. Dawa inaendelea angalau miezi 6 baada ya kujisikia vizuri, na inapunguzwa taratibu kwa maelekezo. Akikata ghafla anapata kizunguzungu na hasira, na ugonjwa unarudi.

Kununua diazepamu duka la dawa "nipate usingizi". Inazoeleka, na mtoto anakuwa mzito, hanyonyi. Mtoto wa mama anayemeza dawa yoyote ya akili akilala kupita kawaida au akigoma ziwa, arudishwe kituoni.

Na kutosema historia. Kama mama aliwahi kuwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, halali na hachoki, au ndugu yake alipata kichaa cha uzazi, daktari lazima ajue, kwa sababu dawa ya sonona peke yake inaweza kumrudisha kwenye kuchangamka huko kupita kiasi.

Kapripointi_Juu

Mkuu, na sindano ya uzazi wa mpango? Wanasema inaleta sonona.

Mfamasia_Kirumba

Ushahidi haujakaa upande mmoja. Kama hali ilibadilika wiki chache baada ya sindano, amwambie nesi waangalie njia nyingine. Asiache tu kimya kimya, mimba nyingine ndani ya miezi mitatu ni mzigo mkubwa zaidi.

Rais_Mstaafu_wa_Tawi

Nichangie upande wa tawi. Huku kwetu waumini ni wachache na wanakaa mbalimbali, mmoja Nyegezi mwingine Kisesa, kwa hiyo mipango ya kwenye kata (makusanyiko makubwa ya kanisa) za Marekani haifanyi kazi hapa. Inayofanya kazi ni midogo yenye jina la mtu na siku.

Wanaohudumu, yaani dada wawili waliopangiwa kumtembelea mama, wasiende na swali "unaendeleaje dada?" Jibu ni "salama" kila siku. Waulize mawili: Je, mwezi huu umekuwa ukijisikia chini au bila matumaini? Je, umekuwa huna hamu wala raha ya kufanya mambo? Ndiyo moja inatosha kumsindikiza kliniki. Kisha waulize bila kuzunguka: kuna wakati unawaza kufa? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, kunampa nafasi ya kulitua.

Ziara iwe dakika 30 hadi 40, mikono ikiwa kazini. Mmoja anafua nepi, mwingine anapika. Leteni uji wa ulezi, dagaa waliokwisha chambuliwa, matembele, sato wa kuchemsha. Msilete kilo mbili za dagaa wenye vichwa mkamwachia kazi. Msiende watu wanane na wimbo, mama atahangaika kutafuta viti.

Wito wake, yaani kazi aliyopewa tawini, upumzishwe mapema. Anayefundisha darasa la Watoto kila Jumapili huku ana sonona atajilazimisha hadi aanguke, kwa sababu kukataa wito kwake ni kama kumkatalia Mungu. Rais wa tawi ndiye amfuate, asisubiri aombwe. Kama hawezi kufika mkutanoni, rais anaweza kuruhusu apelekewe sakramenti nyumbani.

Fedha: matoleo ya mfungo ni kwa mahitaji ya msingi, na nauli ya kliniki, dawa na chakula ni mahitaji ya msingi. Kwanza familia inaangaliwa inaweza nini. Kisha rais wa Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama, kikundi cha wanawake wa kanisa, anakaa na mama kuorodhesha upungufu. Malipo hufanywa moja kwa moja duka la dawa au hospitali inapowezekana. Wanaoona aibu wakumbuke kwamba walichangia mfuko huo huo. Hospitalini nako kuna ofisi ya ustawi wa jamii, aulize msamaha kabla ya kulipa.

Halafu siri. Msiweke jina lake kwenye kundi la WhatsApp la tawi "tumwombee dada fulani ana matatizo ya akili". Kijumbe kimoja cha namna hiyo na hatarudi tena. Kiongozi wa tawi hana taaluma ya tiba ya akili, na hatakiwi kujifanya anayo. Asikilize, abariki, asindikize.

Dada_Buswelu

Na usingizi? Wote mnasema alale, mtoto mchanga ataruhusu?

Nesi_Mstaafu_Butimba

Lengo ni usingizi mmoja usiokatika wa saa 4 hadi 5, usiku. Vipande vya nusu saa mchana havifidii.

Mpango: saa 2:30 usiku mama ananyonyesha, saa 3 anaingia chumba kingine au upande wa pili wa pazia. Baba au dada wa nyumbani anakaa na mtoto hadi saa 8. Mtoto akiamka katikati anapewa maziwa yaliyokamuliwa. Kukamua kwa mkono kunachukua kama dakika 20 hadi 30: nawa kwa sabuni, kikombe kiwe kimechemshwa, bana nyuma ya duara jeusi la titi ukielekea kifuani, usiburuze vidole kwenye ngozi. Maziwa yanakaa saa 4 kwenye joto la kawaida. Kwa joto la Mwanza usizidishe hapo. Kwenye jokofu siku 4. Mpe kwa kikombe kidogo, mtoto akiwa ameketi wima, usimmiminie, mguse mdomo wa chini ayavute mwenyewe. Chupa ya chuchu ni ngumu kusafisha na inaleta kuhara.

Wiki ya kwanza mama ataamka tu kwa mazoea, matiti yakiwa yamejaa. Akamue kidogo, arudi kulala.

Na kila siku atoke nje kabla jua halijawa kali, hata dakika 15 hadi dukani. Apangiwe kitu kimoja kidogo chenye saa yake: kuoga saa 4, kusuka nywele Jumatano. Asisubiri hamu ije ndipo afanye, kwenye ugonjwa huu hamu inafuata nyuma ya kitendo.

Baba_Watatu_Pasiansi

Kwa kina baba wenzangu. Tangazo la kanisa letu kuhusu familia la 1995 linasema malezi ni hasa ya mama, na hapo hapo linasema wasaidiane kama wenzi walio sawa. Wengi tunasoma nusu ya kwanza. Kazi zako ni tano: zamu ya usiku niliyoisoma hapo juu, kuhesabu vidonge kila Jumapili, kumzuia mgeni asiyefaa, kwenda naye kliniki, na kumwambia mama yako kwa heshima kwamba ni ugonjwa na unatibika. Hilo la mwisho ufanye wewe, usimwachie mke. Bibi akisema ni jini, usibishane naye mbele ya mgonjwa, mwambie "Shikamoo mama, daktari ameshaanza, tunaomba utusaidie kupika."

Baba naye anaweza kupata sonona kipindi hiki. Ukiona unachelewa kurudi makusudi na kila kitu kinakukera, nenda nawe ukapimwe.

Nansio_Kwetu

Na sisi wa visiwani? Bugando iko ng'ambo ya maji.

Daktari_wa_Kanda

Anza hospitali ya wilaya pale Nansio. Sonona ya kawaida haihitaji Bugando. Daktari wa wilaya anaanzisha dawa na kufuatilia. Rufaa ya Sekou Toure au Bugando ni kwa asiyepata nafuu wiki 6 hadi 8, mwenye mawazo ya kujiua, au mwenye dalili za kichaa cha uzazi. Omba barua ya rufaa, inapunguza mzunguko. Wa Sengerema wamepata ahueni tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari la wagonjwa halingoji kivuko. Wa Ukerewe nunueni dawa siku 10 kabla hazijaisha, maana upepo ukichafuka ziwani dozi inakatika.

Nimalizie lile la dharura lililoachwa. Kichaa cha uzazi kinabadilika kwa saa. Mama hajalala siku mbili tatu na hachoki, anaongea mfululizo, anachanganya siku, anasikia sauti, anasema mtoto si wake, amebadilishwa, au ni mteule. Katika nyumba za waumini maneno yanakuja kwa lugha ya dini, na kwa Wamormoni kuna hatari ya pekee, kwa sababu ufunuo binafsi ni sehemu ya imani yao. Mume anasikia "nimefunuliwa" anasita. Usisite. Asiyelala, anayebadilika kila saa, na anayepokea maagizo ya kumdhuru mtoto au nafsi yake, ni mgonjwa.

Mfanye hivi: mtu mzima mmoja abaki naye muda wote, mtoto ashikwe na mtu mwingine chumba kile kile au cha jirani, visu, dawa, mafuta ya taa na sumu za shambani viondolewe, asifungwe kamba wala kupelekwa kwenye maombi ya usiku kucha. Kama wazee wa kanisa (wanaume wenye ukuhani) wapo karibu na wanataka kumpa baraka, inachukua dakika tano na inaweza kufanyika gari likisubiriwa. Usiku kisiwani, kama chombo hakisafiri, Nansio wanaweza kumtuliza kwa sindano hadi asubuhi. Beba kadi ya kliniki, dawa alizokuwa anameza na nguo za mtoto, kwa sababu mara nyingi atalazwa. Mkifika tu mwambieni daktari mama ananyonyesha, ili dawa zichaguliwe kwa kuzingatia hilo. Uwezekano wa hali hii kujirudia mimba inayofuata ni mkubwa, kwa hiyo iandikwe kwenye kadi kwa kalamu isiyofutika, na kliniki ya wajawazito waambiwe tangu hudhurio la kwanza.